Kindi wa Mei, majani yamefunga: utamwonaje na utampigaje kwa bunduki ya upepo?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nilikulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, sasa tuko Columbia, Missouri, mwaka wa nne. Jirani yangu Mmarekani ameniambia msimu wa kindi unafunguliwa mwisho wa Mei na kwamba naweza kuwinda kwa bunduki ya upepo. Nimenunua moja ya springi, kipenyo cha inchi .177, boksi limeandikwa futi 1,200 kwa sekunde. Je, inatosha? Juzi nilienda msituni mikono mitupu kukagua, nikasikia kindi kila upande, lakini majani yamefunga, sikumwona hata mmoja. Nifanyeje? Na mke wangu anauliza kama huyo mnyama analiwa kweli."

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Tuanze na hilo la juzi, maana limebeba nusu ya jibu. Kusikia bila kuona si ugeni wako, ndivyo msitu wa Missouri ulivyo Mei na Juni. Wawindaji wengi wa hapa husubiri Oktoba au Novemba, majani yakishapukutika na kindi wamebaki wazi juu ya matawi kama nguo zilizoanikwa. Kuanza mapema kuna faida zake: kindi hawajakurupushwa miezi mitatu, watoto waliozaliwa Februari na Machi wameshatoka viotani na nyama yao ni laini, na majani yanayowaficha wao yanakuficha na wewe. Unaweza kuwa mita 15 kutoka kwake asijue. Bunduki ya upepo haihitaji zaidi ya hapo.

Sheria nizipitie haraka. Kindi Missouri hufunguliwa Jumamosi ya nne ya Mei na kufungwa Februari 15. Kwa siku mwisho 10, wa kijivu na wale wakubwa wekundu-wekundu wakihesabiwa pamoja, na usiwe na zaidi ya 20 mkononi kwa ujumla. Bunduki ya upepo inaruhusiwa. Unahitaji kibali cha wanyama wadogo kutoka idara ya uhifadhi ya jimbo, na aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1967 lazima awe amepita kozi ya uwindaji salama. Saa za kuwinda na masharti mengine yako kwenye kijitabu cha kanuni, kinachotolewa bure panapouzwa vibali. Ukitaka pa kuanzia, upande wa Cedar Creek wa Mark Twain National Forest hauko mbali na kwako. Kwenye ardhi ya misitu ya taifa huruhusiwi kurusha risasi ndani ya yadi 150, yaani mita 137 hivi, kutoka kwenye nyumba au kambi ya wageni.

Serikali ya shirikisho haiiti bunduki ya upepo silaha ya moto, kwa kuwa haina baruti. Lakini miji ina sheria zake, kwa hiyo wale kindi wanaokuchokoza nyuma ya apatimenti waache. Kuna jingine ambalo pengine jirani yako hatalifikiria: bunduki iwe ndani ya mfuko wake kuanzia mlangoni kwako hadi kwenye buti la gari. Mtu anayechungulia dirishani ghorofa ya pili hajui kama ni ya upepo au ya moto, na simu ya polisi iko mfukoni mwake. Ukikutana na afisa wa uhifadhi msituni, mtutu chini, salamu, kibali. Waliowahi kunisimamisha mimi waliangalia karatasi, wakahesabu kindi, mmoja akaniuliza nimewapata bonde gani.

Sasa bunduki. Namba ya kwenye boksi isahau. Futi 1,200 ni mita 366 kwa sekunde, na namba za namna hiyo hupatikana kwa risasi za aloi nyepesi kama ganda la karanga, ambazo msituni hazina kazi. Sauti yenyewe inakwenda mita 340 hivi. Risasi ya bunduki ya upepo, iliyofinywa kiunoni kama kinu, ikivuka kasi ya sauti huanza kuyumba, na mlio wake unakuwa mkali kama mjeledi. Nunua zile nzito za madini ya risasi, kichwa cha mviringo, gramu 0.55 hivi, kwenye kopo wataandika grain 8.4. Ikitoka mtutuni kwa mita 270 kwa sekunde inabeba nguvu ya joule 20. England, bunduki ya upepo isiyohitaji cheti mwisho wake ni futi-pauni 12, yaani joule 16 na ushee, na kwa hizo watu huangusha kindi wa kijivu mwaka mzima. Ni kindi huyuhuyu wa Marekani, aliyepelekwa kule karne ya 19 kupamba bustani za matajiri, sasa anahesabiwa balaa.

Kwa hiyo nguvu unayo. Tungekuwa wote dukani ningekushika mkono tuchukue .22, kwa sababu risasi nzito na nene husamehe kosa dogo la kulenga. Ila .177 nayo ina neema yake: inanyooka zaidi njiani, hivyo ukikosea kukadiria umbali kwa mita mbili tatu haikuadhibu sana.

Kinachotesa watu ni springi. Ukifyatua, pistoni nzito inakimbia mbele, bunduki inarudi nyuma, halafu pistoni inafika mwisho na bunduki inarushwa mbele, yote hayo kabla risasi haijatoka mtutuni. Ukiikaba kama unavyoona kwenye sinema, kila risasi itakwenda kivyake. Iweke juu ya kiganja kilichofunguka, kama mtu aliyebeba sinia la chai, shavu liguse kitako bila kukibana, uiache iruke inavyotaka. Usiilaze moja kwa moja juu ya gogo au tawi, weka mkono wako katikati. Na darubini iwe ile iliyoandikwa kwamba ni ya bunduki ya springi. Mimi nimeshaua mbili. Ya pili ilikuwa nzuri kabisa, ya bunduki ya moto, nikaona nitabana matumizi. Wiki ya tatu alama ya msalaba ilikuwa imelala upande.

Kisha chukua robo dola, izungushie kalamu kwenye karatasi mara kadhaa. Kipenyo chake ni milimita 24, na ubongo wa kindi hauzidi hapo. Keti chini, mgongo kwenye mti, viwiko juu ya magoti, kama utakavyokaa msituni. Mita 15, risasi tano. Zote tano zikiingia ndani ya duara, rudi mita 20. Zikiingia, rudi 25. Pale ambapo moja tu imetoka nje ndipo pamekushinda, na mpaka wako ni hatua iliyotangulia, hata kama jirani anakuhadithia mita 50. Wakati mnatungua ndege kwa manati, kukosa kulikuwa hasara ya kokoto. Kindi aliyepigwa tumboni anakimbilia kwenye tundu la mti akafie humo, humpati wala hamfai mwingine. Mwaka wangu wa kwanza nilimpiga mmoja mita 45 kwa tamaa. Alinyata hadi kwenye tundu, mkia ukaingia mwisho. Nilikaa chini ya mti ule zaidi ya saa nzima.

Jipime pia karibu kabisa, mita 8. Wengi hawafanyi hivi. Darubini imekaa sentimita nne na nusu hivi juu ya mtutu, kwa hiyo bunduki uliyoisawazisha ipige panapolengwa kwenye mita 22, kwenye mita 8 inapiga sentimita mbili hivi chini ya pale unapolenga. Kwa kindi hiyo ni tofauti ya ubongo na taya. Mwanzo wa msimu, kindi wanakujia karibu namna hiyo.

Nenda ukatafute mforosadi. Watu wa pwani wanaujua. Kama kwenu haukuwepo, ni mti wa matunda yanayofanana na vishada vya shanga, yakiiva ni meusi, yanachafua vidole, ulimi na shati. Missouri huiva kuanzia mwisho wa Mei kuingia Juni, na kwa kindi aliyekula machipukizi na mbegu za mti wa mepo (maple) majira yote ya kuchipua, hiyo ni sikukuu. Miti yenyewe huota kwenye kingo: ukingo wa shamba, ukingo wa kijito, penye ua wa zamani wa senyenge. Chini utaona ardhi ina madoadoa ya zambarau, na vinyesi vya ndege vya rangi hiyohiyo. Mforosadi mmoja wenye matunda una thamani kuliko maili tano za kutembea. Agosti sahau forosadi, hamia kwenye hikori, mti wa njugu zenye ganda gumu.

Jua mwisho wa Mei huchomoza kama saa kumi na mbili kasorobo. Uwe umeshaketi saa kumi na moja na robo, giza bado. Usiketi chini ya mti wenye chakula. Kaa mita 15 au 20 pembeni, mgongo kwenye shina pana kuliko mabega yako, uso umefunikwa na wavu au kofia imeshushwa, na mashariki iwe nyuma yako ili mwanga umpige yeye. Halafu acha macho yapumzike, fanya kazi na masikio.

Nikueleze utakachosikia. Kwanza ndege, kelele tupu kwa dakika ishirini. Kisha juu kwa mbali, mchakacho, kama mtu anavuta kanga kwenye ukuta wa makuti: kindi anaruka kutoka mti hadi mti. Kukiwa kumenyesha usiku, kila anaporuka tawi linamwaga matone, pwaa, kimya, pwaa, na kwa matone hayo peke yake unaweza kufuata njia yake bila kumwona. Akifika kwenye chakula mchakacho unakoma, na hapo mgeni hudhani ameondoka. Subiri. Utasikia vitu vidogo vinadondoka juu ya majani makavu: vikonyo, tunda lililoliwa nusu, jani. Msimu wa hikori sauti inabadilika, inakuwa kama mtu anasugua senti mbili pamoja, na maganda yanashuka kama manyunyu. Fuata kinachodondoka kwa macho, kutoka chini kwenda juu. Mahali yanapoanzia, pana kindi.

Usitafute kindi mzima, hutamwona. Tafuta tawi linalotikisika wakati mengine yametulia, ndiyo sababu siku ya upepo mimi hubaki nyumbani. Tafuta kipande cha mkia kinachoning'inia, au kinundu kwenye tawi ambacho dakika iliyopita hakikuwepo. Juni moja nilikazia macho jani moja la mforosadi lililokuwa linachezacheza, kama dakika nne, nikijilaumu kwa ujinga. Jani likageuka, kikatokea kidole. Nyuma ya kidole tunda, nyuma ya tunda jicho.

Ukimwona, bado hujampata. Risasi ya nusu gramu ikigusa jani inapotea njia, ikigusa kijiti ndiyo kabisa. Subiri kichwa kiwe wazi, na njia yote kutoka kwako hadi kwake iwe wazi pia. Darubini inadanganya hapa: inakuonyesha kindi safi na kufuta kijiti kilicho mita tano mbele yako kana kwamba hakipo. Inua jicho juu ya darubini uangalie kwanza. Lenga kati ya jicho na sikio, karibu zaidi na sikio. Akikupa mgongo au akikutazama moja kwa moja, subiri ageuke. Anayekula hageuki mara moja tu, anageuka kila nukta. Mdomo wako ukitoa mlio mdogo wa kufyonza, kama unavyomwita paka, mara nyingi anasimama wima kusikiliza. Hapo ndipo.

Akiwa juu sana, kumbuka kwamba risasi huvutwa chini kwa kadiri ya umbali wa ardhini, si wa mshazari. Kindi aliye mita 28 kwa mwinuko wa nyuzi 45, kwa risasi yako ni kama yuko mita 20. Anayelenga juu kidogo kufidia zile 28 anapitisha juu ya masikio. Na lazima nyuma ya kindi pawe na shina au tawi nene la kupokea risasi. Kindi aliyechorwa kwenye mbingu tupu mwache, hujui risasi itashuka shambani kwa nani.

Akianguka, usinyanyuke. Kosa hili nimelirudia miaka. Bunduki ya upepo inatoa mlio wa kitabu kilichodondoka; wenzake watanyamaza dakika tano, kumi, kisha wataendelea kula. Kariri tu alipoangukia, kwa alama mbili, gogo lile na jiwe lile, kwa sababu majani ya chini Juni yanafika magotini. Nimewahi kuokota watatu kwenye mti mmoja bila kubadilisha nilivyokaa. Wale wa kijivu huamka mapema na kupenda msitu mzito, wale wekundu ni wavivu kidogo, huja jua likishapanda, pembezoni mwa mashamba. Ukiona amezungukia upande wa pili wa shina, rusha kijiti upande ule alikojificha, ukitulia mwenyewe. Mara kwa mara atarudi kwako.

Kupe wa huku wasikie tu. Kuna mmoja mwenye doa jeupe mgongoni, jike, amejaa Missouri. Kuumwa naye kunaweza kumwachia mtu mzio wa nyama ya ng'ombe, mbuzi na nguruwe, ale jioni, usiku wa manane avimbe midomo. Kwa mtu wa nyama choma hicho ni kifungo. Nyunyizia nguo na viatu dawa ya permethrin siku moja kabla, zikauke, usijipake mwilini. Suruali ndani ya soksi, ukirudi jikague hadi kwapani. Na mtambaa wenye majani matatu-matatu usiushike, utajikuna wiki mbili.

Joto la hapa Juni halina mchezo, kwa hiyo tumbua kindi mapema na umweke kwenye kasha la barafu, ndani ya mfuko asilowe. Kuchuna ni rahisi akiwa bado na joto. Mloweshe maji kwanza, manyoya yasirukie nyama. Mlaze kifudifudi, inua mkia, kata chini ya mkia kupita mfupa, ila ngozi ya juu ya mkia usiikate. Endeleza kisu kidogo mgongoni, upana wa vidole viwili. Kanyaga mkia kwa kiatu, shika miguu ya nyuma, vuta juu taratibu kwa nguvu moja. Ngozi itavuka hadi shingoni kama mtoto anavuliwa shati. Inabaki suruali ya nyuma, ingiza kidole penye ncha ya ngozi tumboni, ivute upande wa pili. Vaa glavu, na nyama iliyozunguka tundu la risasi itupe, ina madini ya risasi.

Ukiendelea hadi Julai na Agosti, unaweza kukuta uvimbe wenye tundu chini ya ngozi, ndani yake funza mnene. Usiruke. Wewe uliyekulia Kigoma unamjua yule nzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa, aliyemfanya mama apige pasi hata nepi. Huyu naye ni funza wa nzi. Anakaa kwenye ngozi, anatoka na ngozi, nyama haina neno. Miezi hiyo majike wengine wananyonyesha uzao wa pili, ukiona chuchu kwenye darubini mwache apite.

Mwambie shemeji huyu mnyama analiwa, na wenyeji wa Missouri wamemla tangu babu zao. Suala la uhalali kwa Waislamu nawaachia mashehe. Nyama yake iko kati ya kuku wa kienyeji na sungura, haina shombo, kwa kuwa anakula matunda na njugu. Kijana, mwenye masikio laini na ngozi inayovuka bila ugomvi, mkaange tu. Mzee mchemshe kwanza na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi kwa saa moja na nusu hivi, hadi uma uingie wenyewe, ndipo umtie kwenye karanga za kusaga na nyanya, moto mdogo, sufuria imefunikwa. Kindi watatu na ugali vinatosha watu wanne. Kichwa usimpelekee mezani mara ya kwanza.